Stata Inapiga, Lori Haliwaki: Pesa Hupotelea Wapi Gatsata

Lori linaloshuka kutoka mpaka wa Gatuna huingia Kigali kwa kupitia Gatsata, sekta ya wilaya ya Gasabo iliyo kando ya mto Nyabugogo, karibu na stendi kuu ya mabasi. Kwa miaka mingi eneo hilo limejulikana kwa magaraji na maduka ya spea, mpya na za mtumba. Mwenye gari bovu akitaja Gatsata, hakuna dereva wa Kigali atakayemuuliza anakwenda kufanya nini. Kati ya maradhi yanayofikishwa hapo, moja linahitaji kuchambuliwa peke yake. Stata inapiga, injini inazunguka, sauti ni ile ile ya kila siku, lakini moto haushiki.

Ubovu huu unasumbua hasa kwa upande wa gharama. Chanzo chake kinaweza kuwa fyuzi ndogo au mpira wa mafuta uliolegea, jambo linalomalizwa kwa bisibisi kabla chai haijapoa. Kinaweza pia kuwa pampu ya presha kubwa, ambayo bei yake humlazimu mwenye lori auze kitu kingine ili ailipe. Kwa aliyekaa kwenye usukani, hali hizo mbili hazina tofauti: anageuza ufunguo, injini inazunguka, basi. Swali linalonishughulisha ni hili: kwa nini lori lenye ubovu wa bei ya fyuzi huishia kununuliwa pampu? Jibu langu ni kwamba tumezoea kulipia spea na kulipia kuifunga, ila kazi ya kutafuta ubovu tunaiona kama maneno matupu yasiyostahili malipo.

Tuanze na injini yenyewe. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyepata hataza ya wazo lake mwaka 1893, aliitegemea hewa. Hewa iliyoingia kwenye silinda hubanwa mpaka ibaki sehemu 1 ya 16, au hata 1 ya 20, ya ujazo wake wa awali. Kwenye injini nzima hupata joto la nyuzi 500 za Selsiasi na zaidi, na dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo injini hii inadai hewa ya kutosha iliyobanwa sawasawa, mafuta yanayofika kwa presha na kwa wakati wake, na mzunguko wenye kasi. Malori ya miaka ya karibuni yameongeza dai la nne, ruhusa ya kompyuta. Kila sababu ya lori kugoma kuwaka, hata ipewe jina gani garajini, inaangukia katika hayo manne.

Stata kupiga ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa nusu. Unaonyesha kwamba swichi inafanya kazi, betri zina nguvu fulani na injini haijakwama. Hauonyeshi kwamba kasi inatosha. Injini kubwa huhitaji mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika ili hewa ibanwe kabla joto lake halijapotelea kwenye kuta za silinda. Ikizunguka kivivu, joto linatoroka na dizeli inatoka ikiwa mbichi. Malori mengi hutumia volti 24 kutoka kwa betri mbili za volti 12 zilizoungwa moja baada ya nyingine. Zikiwa zimejaa na zimetulia, mita husoma volti 25 na ushei. Stata ikipiga, zisishuke chini ya 18 au 19. Zikishuka zaidi, kompyuta ya injini inaweza kuzimika kwa muda huku stata ikiendelea kuzungusha kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndipo fundi asiye na mita hutoa hukumu mbaya: "Betri nzima, bosi, si unasikia stata inavyopiga?" Lori lililotoka Mombasa au Dar es Salaam limepita kwenye hewa ya chumvi, na waya wa ethi unaounganisha injini na chesisi huoza kimyakimya chini ya tope. Mita inagharimu pesa kidogo kuliko filta mbili. Sioni sababu ya garaji lolote kukosa mita.

Kabla ya kushika spana, mtu mmoja apige stata na mwingine asimame nyuma aangalie bomba la moshi. Ikizungushwa kwa sekunde kumi bila moshi wowote, mafuta hayafiki kwenye silinda. Tatizo liko kati ya tanki na injekta, au kompyuta imekataa kutoa amri. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi unasema mafuta yanafika ila hayaungui. Hapo tunashuku kasi ndogo, mbano hafifu, maji kwenye mafuta au pampu iliyofungwa bila kufuata alama zake. Moshi mweusi unaelekeza kwenye hewa: kisafisha hewa kilichoziba, au kile kilango cha breki ya ekzosi kimeganda kikiwa kimefungwa na injini haina pa kupumulia. Uchunguzi huu hauna gharama yoyote na unagawa washukiwa wote katikati. Fundi anayeanza kwa kufungua bomba kabla ya kuangalia moshi anaingiza hewa kwenye mfumo, na kuanzia hapo hajui tena kama hewa anayoikuta ni ubovu wa awali au ni ya kwake.

Baada ya moshi aulizwe dereva. Swali la maana kuliko yote ni: nini kilifanyika kwenye gari hili mara ya mwisho kabla halijagoma? Kama filta ilibadilishwa jana, hewa imeingia. Kama mafuta yaliisha njiani yakaongezwa kwa dumu, vilevile. Kama injini ilioshwa kwa mashine ya presha, maji yamekaa kwenye soketi za waya. Kama gari limetoka kushushwa giaboksi kwa ajili ya klachi, basi sensa ya mzunguko ndiyo mshukiwa wa kwanza, kwa sababu kwenye injini nyingi imechomekwa kwenye nyumba ya gurudumu la stata, pale pale mikono ya watu ilipokuwa ikihangaika. Utingo naye aulizwe, tena kando. Mara nyingi yeye ndiye aliyeona dumu lilitoka wapi. Kisha vikaguliwe vitu vya bure: mafuta yapimwe kwa kijiti kwa kuwa geji hudanganya, kitasa cha kuzimia injini kirudishwe mahali pake, fyuzi na rilei ziangaliwe, na taa yenye alama ya ufunguo kwenye dashibodi itazamwe, kwani baadhi ya malori huruhusu stata kupiga hata pale mfumo wa kuzuia wizi ulipoukataa ufunguo.

Sasa tufike kwenye mafuta, kwa sababu kwa lori linalozunguka bila moshi ndiko majibu mengi yalipo. Dizeli, au mazutu kama wanavyoiita wengi Kigali na Goma, hutoka tankini kwa kunyonywa. Hupita kwenye mpira, kwenye filta ya kwanza yenye kikombe cha kutenga maji, kwenye pampu ndogo ya kuvuta, na baada ya hapo ndipo husukumwa kwenda filta kubwa na pampu ya presha. Sehemu ile ya kwanza, inayonyonya, ina tabia inayowapoteza wengi. Kiungo chake kikilegea, wakati injini inafanya kazi mafuta hayavuji nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Utatazama chini ya gari usione tone, ukasema mfumo umekaza, kumbe unavuta hewa kwenye klempu moja iliyochoka.

Kigali ina namna yake ya kuufichua ubovu huu. Mji umejengwa juu ya vilima, na lori huegeshwa usiku likiwa limeinua kichwa, injini juu na tanki chini. Mahali hewa inapopenya, hata kama ni padogo mno, mafuta yaliyomo kwenye mipira hurudi taratibu tankini usiku kucha. Asubuhi dereva anapiga stata na injini inazunguka juu ya mipira mitupu. Lori hilo hilo likiegeshwa kwenye tambarare huwaka bila shida, kwa hiyo mwenye mali anaambiwa kwamba ubovu "unakuja na kuondoka". Ukisikia maneno hayo, uliza lori lililala wapi. Pia, tanki likiwa na mafuta kidogo kwenye mteremko mkali, bomba la kunyonyea linaweza kubaki juu ya mafuta na kuvuta hewa tupu. Dawa ya kuujua ukweli ni kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kinachofungwa kwa muda kati ya filta na pampu. Mapovu yakipita yanaonekana kwa macho. Anza hapo urudi nyuma kuelekea tanki, kiungo kwa kiungo, mpaka mapovu yakome.

Kutoa hewa kuna adabu yake. Pampu ya mkono iliyo juu ya filta ibonyezwe mpaka iwe ngumu na mafuta yatoke kwenye skrubu ya kutolea hewa bila povu. Pampu isipokuwa ngumu hata baada ya kubonyezwa kwa muda mrefu, ama inavuta hewa mahali, ama vali zake zimekufa, ama tankini hakuna mafuta. Kuna desturi moja inayoniumiza: filta mpya kujazwa dizeli kutoka kwenye chupa kupitia tundu la katikati. Kwa filta nyingi tundu hilo ni upande uliokwisha kuchujwa. Uchafu wowote wa chupa unakwenda moja kwa moja kwenye pampu ambayo nafasi kati ya vyuma vyake hupimwa kwa mikromita. Lori linawaka siku hiyo, kila mtu anafurahi, na baadaye mtu mwingine analaumiwa kwa pampu iliyokufa.

Maji ni adui wa pili. Misimu ya mvua ya Rwanda, ule wa Machi hadi Mei na ule wa kuelekea mwisho wa mwaka, huongeza maji kwenye matanki yenye vifuniko vibovu, na tanki linalolala nusu tupu hutengeneza matone yenyewe kila hewa inapopoa. Kikombe cha filta kifunguliwe chini, kinachotoka kipokewe kwenye chupa safi na kiachwe kitulie. Maji hukaa chini, dizeli juu. Kisha chupa hiyo isimwagwe ardhini. Gatsata iko ukingoni mwa Nyabugogo, mto unaotoka Ziwa Muhazi na kuingia Nyabarongo, na kinachomwagwa uwanjani mvua hukishusha humo. Bonde hilo limeteswa vya kutosha.

Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni tatizo la njia nzima kutoka pwani. Tanzania ilianza kuweka alama kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya wachanganyaji. Serikali hazikujisumbua bure. Pampu na injekta hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Lori haligomi siku liliponyweshwa mchanganyiko; hugoma miezi baadaye, vyuma vikiwa vimelika na presha haipandi tena. Dereva anayenunua mafuta ya dumu barabarani kwa bei nafuu ananunua ubovu utakaokuja kumkuta mbali sana na aliyemuuzia.

Mpaka hapa fundi yeyote mzoefu wa Gatsata angenisikiliza na kutikisa kichwa kwa kukubali. Ugumu unaanza pale inapobidi kuuliza lori ni la kizazi gani, kwa sababu uwanja mmoja unaweza kuwa na vizazi vitatu vimeegeshwa ubavu kwa ubavu. Bosch ya Ujerumani ilianza kuzalisha pampu zake za dizeli kwa wingi mwaka 1927, na kwa miongo mingi baada ya hapo malori ya dunia yaliendeshwa na pampu ya vyuma vitupu, isiyohitaji umeme zaidi ya ule wa kuizima. Mercedes kongwe na Fuso nyingi ni za ukoo huo. Kikaja kizazi cha pampu moja au injekta-pampu moja kwa kila silinda, zikiongozwa na kompyuta. Actros ilipotoka mwaka 1996 ilikuwa hivyo, na Scania na Volvo nao walikuwa na mfumo wao wa aina hiyo. Wakati huo huo Denso ya Japani ilikuwa imekwisha kufunga komoni reli kwenye malori ya Hino mwaka 1995: bomba moja nene linalohifadhi mafuta yenye presha kubwa, na injekta zinazofunguliwa kwa umeme. Mfumo huo ndio umeenea kwenye malori mapya, ya Ulaya, Japani na China.

Kwenye kizazi cha kwanza, fundi hulegeza nati ya bomba la injekta, stata inapigwa, na dizeli ikiruka anajua pampu inasukuma. Ni kipimo halali, na mabingwa wengi walifundishwa nacho wakiwa vijana. Kwenye komoni reli kipimo hicho ni hatari ya kukatwa kiungo. Injini hiyo ikiwaka, reli hufanya kazi kwa presha inayoweza kuzidi bar 1,600. Mchirizi mwembamba wa dizeli ukitoka kwa nguvu hizo hupenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda chenyewe hufanana na alama ya sindano, mara nyingine hata hakiumi mwanzoni, na kijana anaendelea na kazi. Baada ya saa chache mkono unavimba. Jeraha hilo ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo na kumwambia daktari waziwazi kwamba dizeli imeingia kwa presha, ili apasuliwe na kusafishwa mapema. Naomba mabingwa wa Gatsata wawaambie wanafunzi wao jambo hili kabla ya kuwafundisha jambo lingine lolote. Bomba la komoni reli halilegezwi injini ikizungushwa, na uvujaji wake hautafutwi kwa kidole.

Kinachofaa kwenye kizazi hiki ni kusoma. Kompyuta haitafungua injekta mpaka presha ya reli ifike kiasi fulani, kwa kawaida bar 200 hadi 300, na mpaka sensa za mzunguko ziiambie injini iko wapi. Chomeka kifaa cha kupimia, piga stata, tazama namba mbili: mizunguko kwa dakika na presha ya reli. Mizunguko ikisoma sifuri wakati injini inazunguka, ni sensa, waya wake au soketi yake. Hata bila kifaa, kwenye malori mengi mshale wa mizunguko wa dashibodi hutikisika kidogo stata inapopiga. Ukilala kabisa, anza na sensa. Mizunguko ipo lakini presha imekwama bar 80? Mafuta yanatorokea mahali. Hapo, kabla ya kuilaumu pampu, zifungwe chupa ndogo kwenye mirija ya kurudisha mafuta ya kila injekta, stata ipigwe kwa muda sawa, na chupa zilinganishwe. Injekta iliyochoka hujaza chupa yake wakati wenzake wameweka matone. Injekta moja ya namna hiyo inaweza kuiangusha presha ya mfumo mzima. Mara ngapi pampu nzima imeng'olewa, ikauzwa kama chuma chakavu, ikafungwa nyingine, na presha ikabaki pale pale?

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kuiamini mashine kupita kiasi. Kifaa kikitoa msimbo wa SPN 157, unaohusu presha ya reli, kijana anakwenda dukani kununua sensa ya presha. Lakini msimbo unataja mahali kompyuta ilipoona jambo lisilo la kawaida, na kinachosababisha kinaweza kuwa filta iliyoziba, waya uliochubuka au presha ambayo kweli haipo. Sensa imetoa taarifa ya kweli na ndiyo inayotupwa. Msimbo unafungua uchunguzi, na namba zinazotembea wakati stata inapiga ndizo zinazoufunga.

Mbano hafifu niupitie haraka, maana haumpati mtu ghafla. Injini ya silinda sita yenye silinda moja mbovu kwa kawaida huwaka, ikitetemeka. Ikigoma kabisa kwa sababu ya mbano, mara nyingi imekuwa ikiomba msaada kwa miezi: kuwaka kwa shida asubuhi, kula oili, kutoa moshi kwenye pumzi yake. Jambo moja la Kigali linastahili kutajwa hapa. Mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Byumba, upande wa barabara ya Gatuna, iko zaidi ya mita 2,000. Kwenye mwinuko wa Kigali mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 85 ya ule wa Mombasa. Injini iliyochakaa ambayo pwani, kwenye joto la nyuzi 28, ilikuwa ikiwaka kwa pigo la pili, inaweza kugoma asubuhi ya nyuzi 15 huku juu bila kitu chochote kuharibika njiani. Dereva ataapa kwamba juzi lilikuwa zima, na atakuwa anasema kweli.

Lori likigoma, watu hukimbilia njia za mkato. Ya kwanza ni spreyi ya kuwashia inayopulizwa kwenye njia ya hewa. Inaweza kuiwasha injini, ndiyo, na inaweza kuvunja ringi na pistoni kwa mlipuko unaokuja kabla ya wakati wake. Kwenye injini yenye hita ya hewa inaweza kulipuka usoni mwa anayepuliza. Kama kipimo cha sekunde moja mikononi mwa bingwa ina nafasi yake. Kama mazoea ya kila asubuhi inaua injini. Ya pili ni kulivuta lori. Lori la breki za upepo likipungukiwa na upepo, springi hukaza magurudumu ya nyuma, kwa hiyo kwanza lipewe upepo kutoka lori jingine kwa mpira. Na lori lenye giaboksi la kujibadilisha lenyewe kwa kawaida haliwashwi kwa kuvutwa hata ukiazima tingatinga. Ya tatu ni kupiga stata bila kupumzika mpaka betri zife. Sekunde 15 hivi zinatosha, kisha pumziko la dakika moja au mbili. La sivyo ubovu wa kitu kimoja unakuwa wa vitu vitatu, yaani ule wa awali, betri na stata iliyoungua. Na baada ya gari kupita kwenye mafuriko, ambayo watu wa Nyabugogo wanayajua vizuri, stata ikigonga mara moja na kukwama, iachwe hapo hapo. Huenda maji yameingia kwenye silinda, na maji hayabanwi. Kulazimisha ni kupinda mkono wa pistoni.

Sasa nirudi kwenye pesa. Kwenye magaraji yetu kazi zimegawanyika: kuna fundi umeme, fundi wa pampu na nozeli, fundi wa injini. Mgawanyo huo umezaa ustadi mkubwa, na sioni mji wa jirani ambao ningeukimbilia kwa kudharau mikono ya Gatsata. Lakini lori lisilowaka halisemi ni la nani. Akiitwa kwanza fundi wa pampu, pampu itashuka. Akiitwa fundi umeme, waya zitafunguliwa. Kila mmoja anaona kilicho ndani ya ujuzi wake, na wa kwanza kufika ndiye anayeamua ubovu uwe wapi. Maduka ya spea nayo yako mlango wa pili. Ukaribu huo ni neema kwa lori ambalo ubovu wake umeshajulikana. Kwa lori ambalo halijapimwa, ukaribu huo unamwezesha fundi kubahatisha mara tatu kabla jua halijazama, kila bahati ikiwa na risiti yake.

Simlaumu fundi peke yake. Mwenye lori hulipa spea, hulipa ufungaji, na akiambiwa "nimepima saa mbili, tatizo ni soketi, nimeisafisha" huuliza kwa nini adaiwe pesa kwa kusafisha soketi. Fundi aliyepima vizuri anaondoka na pesa ya maji. Aliyebahatisha pampu anaondoka na ujira wa siku tatu. Tukiendelea kulipa hivyo tutaendelea kupata kubahatisha, hata vyuo vya ufundi vikitoa vijana wanaojua kusoma presha ya reli kama wasomavyo saa. Kontena lina tarehe ya kurudishwa bandarini, na kila siku ambayo lori linalala uwanjani inahesabiwa na mtu mahali fulani. Ada ya wazi ya upimaji, iliyokubaliwa kabla ya boneti kufunguliwa na inayolipwa hata kama dawa ni fyuzi, ingekuwa nafuu kwa mwenye mali kuliko bahati ya kwanza iliyokosa.

Wewe uliye Rusumo, Kampala au Bukavu unayesubiri simu ya dereva wako aliyekwama Gatsata, kabla hujatuma pesa ya pampu muulize fundi mambo matatu: bomba la moshi lilitoa nini stata ilipopiga, volti zilishuka mpaka ngapi, na presha imesomwa ngapi kwa kifaa gani. Akikosa jibu, tuma kwanza pesa ya kupima.